Mbona Hamri Limekataa Kufura

Hamri lililopikwa vizuri ni tupu ndani. Likipasuliwa hutoa mvuke, na pande zake mbili hubaki laini, zikinukia iliki na nazi, tayari kupokea mbaazi. Katika nyumba nyingi za Mombasa, Lamu na Unguja hiki ndicho chakula cha asubuhi ambacho aliye mbali hukikumbuka kabla ya kingine chochote. Tena ni chakula kinachotesa wapishi. Unga ni ule ule, mikono ni ile ile, na bado jana mahamri yalifura yote, leo nusu yake yamelala kwenye karai yakinywa mafuta. Lawama huangukia hamira, au unga wa duka jipya, au siku yenyewe.

Sababu ipo, na inajulikana. Donge likishasukumwa na kukatwa robo, kisha likatumbukizwa katika mafuta yenye moto wa nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi, ngozi yake ya nje huiva na kukaza mara moja. Maji yaliyomo katikati huanza kugeuka mvuke, na maji yakishakuwa mvuke hutaka nafasi inayozidi ile ya kwanza takriban mara 1,600. Mvuke ukikuta ngozi nzima, husukuma juu na chini, na hamri likafura. Ngozi ikiwa na tundu, kwa sababu unga ulikunjamana wakati wa kusukuma au ulikauka ukingoja zamu yake kibaoni, mvuke hutoroka. Mafuta yakiwa hayajapata moto, ngozi huchelewa kukaza. Mvuke huvuja kidogo kidogo na mafuta huchukua nafasi yake. Ndiyo maana wapishi wa pwani huchota mafuta ya moto kwa upawa na kuyamwagia juu ya hamri mara tu linapoelea. Upande wa juu, ambao haujaguswa na moto, hupata ngozi yake mapema, na mvuke hukosa njia ya kutokea.

Hakuna aliyewasomea fizikia hiyo darasani. Waliipata kwa kujaribu, kuharibu na kujaribu tena, miaka nenda miaka rudi, na elimu ya namna hiyo inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Mpishi anayejua kila kiungo kinafanya kazi gani anaweza kubadili pishi bila kubahatisha. Asiyejua hufuata maelezo ya mtu mwingine neno kwa neno, na siku maelezo yakimwangusha hana pa kuanzia kutafuta kosa.

Na aanzie kwenye hamira. Hamira ni kiumbe hai, kuvu wa seli moja anayeitwa kitaalamu Saccharomyces cerevisiae. Hula sukari na kutoa gesi ya kabonidioksaidi pamoja na pombe kidogo, ambayo hupotea kwenye moto. Katika miaka ya 1850 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kwamba kuchachuka huku ni kazi ya viumbe hai, jambo ambalo wataalamu wengi wa kemia wa wakati wake hawakulikubali. Kwa mpishi maana yake ni nyepesi: kiumbe hai hufa. Maji au tui lenye moto unaokaribia nyuzi 60 huua hamira kabla kazi haijaanza. Vuguvugu ambalo kidole kinalistahimili bila shida linatosha. Sukari nayo ikizidi sana huvuta maji kutoka kwenye seli za hamira na kuzichosha, kwa hiyo unga wa mahamri matamu mno huchelewa kuumuka kuliko unga wa kiasi.

Hali ya hewa ina neno lake. Mombasa mwezi wa Februari, joto likipita nyuzi 30, unga unaweza kuumuka maradufu ndani ya saa moja. Njombe mwezi wa Julai, au Limuru, unga uo huo utakaa asubuhi nzima. Wenyeji wa huko huweka bakuli karibu na jiko, au hulifunika blanketi. Hata hivyo ucheleweshaji si hasara. Hamira inayofanya kazi polepole kwenye baridi huupa unga ladha nzito zaidi, na ndiyo siri ya wale wa pwani wanaokanda usiku, wakauweka unga kwenye friji, na kuukaanga alfajiri. Anayetaka kujua kama maneno haya ni kweli na agawe unga wa siku moja mafungu mawili, moja liumuke kwenye joto na jingine lilale kwenye friji, kisha aonje yote mawili pamoja.

Kugawa mafungu mawili, na kubadili kitu kimoja tu, ndiyo njia inayofaa kuliko zote kwa anayetaka kujaribu nyumbani. Wengi hubadili mambo matatu kwa mpigo. Wanaongeza tui, wanapunguza sukari, wananunua hamira ya chapa nyingine. Yakitoka mazuri hawajui wamshukuru nani, yakitoka mabaya hawajui wamlaumu nani. Vipimo navyo vinahusika, ingawa si lazima viwe vya dukani. Mwaka 1896 Mmarekani Fannie Farmer alichapisha kitabu cha mapishi cha shule ya upishi ya Boston, akasisitiza vikombe na vijiko vilivyosawazishwa juu kwa kisu, na vitabu vya upishi vya Marekani vikafuata mkondo huo. Bibi anayepimia unga kwa kikombe kile kile cha chai kwa miaka 30 anafanya jambo lilo hilo. Ilimradi kikombe hakibadiliki, ni kipimo sahihi, hata kama hakuna anayejua ujazo wake.

Tui la nazi ni mfano mzuri wa kitu kinachofaa kujaribiwa peke yake. Unga wa ngano ukichanganywa na maji, protini zake hushikana na kufanya gluteni, mtandao unaonyumbulika na kuzuia gesi isitoke. Mafuta yaliyomo kwenye tui huzipaka protini hizo, zikashikana kwa ufupi, na hamri likawa laini. Tui zito la kwanza, lile Wazanzibari wanaloliita kasimile, hutoa hamri linalovunjika kinywani. Tui jepesi la pili hutoa hamri linalotafunika, lenye nguvu, linalofura kwa urahisi zaidi. Baadhi ya wapishi huchanganya yote mawili. Walioko London au Toronto, ambako mbuzi ya kukunia nazi ni mali adimu, hutumia tui la kopo, na mengi ya makopo hayo yametiwa vizito vinavyozuia mafuta na maji visitengane. Tui hilo hufaa, lakini ni zito mno kwa kukandia likiwa peke yake. Likiongezwa maji ya uvuguvugu hukaribia lile la nyumbani.

Vitumbua ni habari nyingine kabisa, na pengine ndiyo pishi lenye mafunzo mengi kuliko yote ya pwani.

Mchele hauna gluteni. Hakuna mtandao wa kushika gesi, na bado kitumbua kizuri kina matundu ndani na kimesimama. Kinachofanya kazi hapo ni wanga. Mchele uliolowekwa usiku kucha hunywa maji hadi kiini, ukasagika laini. Mchele uliolowekwa saa moja huacha chenga ambazo hukwaruza ulimi na hazishiki gesi. Kabla ya blenda kuingia majumbani kazi hii ilifanywa kwa kinu au kwa jiwe, na ubora wa kitumbua ulitegemea subira ya mtwangaji. Uji wa mchele uliosagwa ukichanganywa na tui, sukari, iliki na hamira, ukiachwa uumuke, viputo vya gesi hukaa ndani yake kwa sababu ni mzito kiasi cha kuvizuia visipande juu na kupotea. Ukiwa mwepesi, gesi yote hutoroka na kitumbua hubaki bapa. Ukiwa mzito mno, viputo hushindwa kupanuka na ndani hubaki pagumu.

Wapishi wa zamani walipata dawa ya tatizo hili. Sehemu ndogo ya mchele uliosagwa hupikwa kwanza na maji hadi ikawa uji mzito, ikaachwa ipoe, kisha ikachanganywa na sehemu iliyobaki mbichi. Wengine, kwa haraka, hutia kiganja cha wali uliobaki jana ndani ya blenda. Wanga ukipashwa moto kufikia nyuzi 65 hadi 75 hivi, chembe zake hunywa maji, huvimba na kupasuka, na mchanganyiko ukawa na mnato. Mnato huo ndio unaochukua kazi ya gluteni. Viwanda vya mikate isiyo na ngano hutumia mbinu ya aina hiyo hiyo, na hununua vizito maalumu kwa ajili yake. Jiko la bibi lilikuwa limeshaipata kwa kijiko cha uji.

Anayefanya majaribio ya vitumbua na ashughulikie pia moto wa chuma. Kila kishimo cha chuma cha vitumbua kinataka mafuta kidogo yaliyopata moto sawasawa kabla uji haujamiminwa, la sivyo kitumbua hung'ang'ania. Moto ukiwa mkali, ukingo huungua huku katikati pakiwa pabichi. Vishimo vya katikati hupata moto zaidi kuliko vya pembeni, kwa hiyo mpishi makini huanza kumimina vya pembeni na kumalizia na vya katikati, ili vyote vigeuzwe karibu wakati mmoja.

Hamira ina ndugu yake wa kisasa, beking pauda, na historia yake ni ya jikoni vilevile. Alfred Bird alikuwa mkemia mwenye duka la dawa huko Birmingham, Uingereza. Mkewe Elizabeth alikuwa na mzio wa mayai na wa hamira, hivyo mikate ya kuumuka na kastadi ya mayai vilikuwa haramu kwake. Mwaka 1837 Bird alitengeneza kastadi ya unga wa mahindi isiyo na yai hata moja. Mwaka 1843 akatengeneza unga wa kuumua usiotumia hamira. Kastadi yake imefika mbali kuliko alivyoweza kufikiri: bakuli la kastadi lenye matunda juu limekuwa sehemu ya meza za futari na za sikukuu kutoka Zanzibar hadi Nairobi, na wengi wanaoila hawajui kwamba ilizaliwa kwa sababu mtu mmoja alitaka mkewe apate kula kitu kitamu.

Beking pauda ni beking soda iliyochanganywa na tindikali kavu, na wanga kidogo wa kuzuia unyevu. Maji yakiingia, viwili hivyo hukutana na gesi hutoka. Beking soda yenyewe haina tindikali, kwa hiyo hutaka rafiki: maziwa mgando, ndimu, au ndizi iliyoiva sana. Anayetia soda kwenye maandazi ya maji na sukari tu atapata ladha ya sabuni, kwa kuwa soda iliyobaki bila kukutana na tindikali hukaa ndani ya unga. Na wapika bajia wamewahi kuliona jambo jingine: unga wa dengu wenye manjano ukizidishiwa soda huiva ukiwa na wekundu badala ya rangi ya dhahabu. Manjano hubadilika rangi yanapokutana na kitu chenye asili ya magadi. Matone machache ya ndimu hurudisha rangi, na watoto wanaopewa nafasi ya kulijaribu hilo kwenye kikombe wanajifunza somo la kemia ambalo hawatalisahau.

Sukari ni mwalimu mkali zaidi. Kashata ya njugu au ya nazi ina viungo vichache kiasi kwamba hakuna pa kujificha: sukari, maji, iliki, na njugu au nazi iliyokunwa. Yote yanategemea maji yamebaki kiasi gani kwenye shira. Shira inayochemka kwenye nyuzi 115 hivi, ikipoa, hutoa kitu laini kinachofinyangika. Ikifika nyuzi 150 hutoa kitu kigumu kinachovunjika kwa mlio. Nyuzi chache kupita hapo sukari huanza kubadilika rangi, na baada ya hapo uchungu huja upesi. Nazi mbichi huleta maji yake mwenyewe ndani ya sufuria, kwa hiyo kashata ya nazi hutaka muda mrefu zaidi motoni kuliko ya njugu zilizokaangwa.

Wapishi wa pwani hawakuwa na kipimajoto. Walidondosha tone la shira kwenye kikombe cha maji baridi na kulibonyeza. Likiyeyuka, bado. Likifanya kidonge laini, linakaribia. Likigonga kikombe, epua. Jaribio hili lina ubora ambao kipimajoto hakina. Nairobi iko juu ya bahari kwa takriban mita 1,700, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Shira nayo huchemka chini zaidi kwa kiasi hicho hicho. Anayefuata maelezo yaliyoandikwa Mombasa kwa kipimajoto atakausha sukari kupita kiasi akiwa Nairobi. Anayetumia kikombe cha maji hatakosea, maana tone husema ukweli wa maji yaliyobaki, popote pale.

Kisha kuna tatizo la sukari kurudi chenga. Shira iliyokolezwa vizuri, ikikorogwa ovyo au ikipata punje moja ya sukari isiyoyeyuka ukingoni mwa sufuria, hugeuka ghafla ikawa mchanga mweupe. Katika kashata hilo si janga, na wapo wanaolitaka ili kashata imumunyike. Kwenye shira ya kaimati ni hasara, kwa kuwa kaimati huvikwa koti la chenga. Dawa yake ni ndimu. Tindikali hugawa sukari kuwa sukari mbili nyepesi, glukosi na fruktosi, na hizo hukaa katikati ya molekuli za sukari ya kawaida zikizizuia zisipangane. Matone machache yanatosha kikombe cha sukari. Kila mpika kaimati wa Ramadhani huitia shira yake ndimu, na wengi husema ni kwa ajili ya ladha. Ladha ni kweli inanufaika.

Kaimati wenyewe ni ushahidi kwamba majaribio ya jikoni hayana mipaka ya nchi. Oman na nchi nyingine za Ghuba wanapika kitafunio hicho hicho na kukiita luqaimat, na kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 13 kina ndugu yake wa karibu. Kashata ya njugu ina historia ndefu pia. Miwa na minazi ilikwishafika pwani hii kutoka mashariki ya Bahari ya Hindi zamani sana, lakini karanga ni zao la Amerika, kama yalivyo muhogo na mahindi, na zilikuja baada ya meli za Wareno kuanza kuzunguka Afrika mwishoni mwa karne ya 15. Kuna siku, katika nyumba isiyoandikwa popote, mtu alitia karanga ngeni ndani ya shira aliyoizoea.

Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 aliandika kwamba Mogadishu alikaribishwa wali wenye samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu na pilipili, pamoja na tangawizi mbichi na maembe. Anayeketi kwenye futari ya ndizi mbivu za nazi leo yuko mahali si mbali na meza ile.

Vijana wa sasa nao wanaandika ukurasa wao. Chipsi mayai, ambazo vijiwe vya Tanzania huziita zege, ni chipsi zilizokwisha kukaangwa zikamiminiwa mayai yaliyopigwa hadi yakashikana. Kampala wana roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai, kabichi na nyanya, na mwaka 2016 chakula hicho cha barabarani kilifanyiwa tamasha lake. Nairobi wana smocha, soseji iliyofungwa ndani ya chapati pamoja na kachumbari. Vyote vitatu vilitokana na swali moja linaloulizwa na mwenye njaa na pesa kidogo: nilicho nacho hapa kikiunganishwa na kile kitakuwaje? Wakubwa huvidharau kama vyakula vya haraka. Lakini ukitazama roleksi kwa makini utaona mtu aliyeelewa kwamba yai bichi likishikishwa kwenye chapati ya moto hufanya gundi, na kwamba kabichi huleta ukakasi unaopunguza uzito wa mafuta. Huo ni upishi wa akili.

Wakati mwingine majaribio huletwa na bei. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei ya ngano ilipanda duniani kote, na Kenya, ambayo huagiza nje sehemu kubwa ya ngano yake, iliumia. Unga wa maandazi ukawa anasa kwa wengi, na watu wakageukia kilichokuwa shambani. Viazi lishe, vile viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vilifaa kuliko vyote. Vimefanyiwa kazi ya miaka mingi: mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watu wanne wakiwamo Maria Andrade, Jan Low na Robert Mwanga wa Uganda, ambao walisambaza viazi hivyo Afrika kwa ajili ya vitamini A. Chungwa lile la ndani ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini hiyo, na mafuta ya kukaangia husaidia mwili kuifyonza.

Anayetaka kujaribu maandazi ya viazi lishe na aanze kwa kuondoa robo ya unga wa ngano na kuweka viazi vilivyochemshwa na kupondwa laini. Viazi vina maji yake, kwa hiyo tui au maji hupunguzwa, tena kwa kuongezwa kidogo kidogo wakati wa kukanda. Vina sukari yake pia, na sukari hiyo pamoja na protini za unga huleta rangi ya kahawia upesi. Mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard ndiye aliyeeleza mabadiliko hayo mwaka 1912, na ndiyo yanayotoa harufu ya mkate, ya nyama choma na ya kahawa. Kwa hiyo sukari ya kuongeza ipunguzwe na moto ushushwe kidogo, la sivyo nje patakuwa peusi ndani pakiwa pabichi. Robo ikifanikiwa, anaweza kwenda theluthi. Akizidisha, gluteni hupungua na andazi huwa zito, lakini halitamdhuru mtu.

Muhogo hauna uvumilivu huo. Muhogo mtamu uliochemshwa na kupondwa hufaa kwa katlesi na kwa maandazi. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi inayoondoka tu kwa kulowekwa siku kadhaa, kuchachushwa na kukaushwa vizuri. Katika wilaya ya Tarime, Tanzania, miaka ya 1980, na katika sehemu za Congo na Msumbiji, watu waliokula muhogo usioandaliwa sawasawa wakati wa ukame, huku wakikosa protini, walipooza miguu. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na haurudi nyuma. Hili ni eneo ambalo mpishi wa nyumbani hapaswi kubuni njia ya mkato. Unga wa muhogo ambao asili yake haijulikani usiingie kwenye sufuria ya watoto.

Jaribio kubwa linaloendelea sasa hivi majumbani, hasa Tanzania, ni la moto wenyewe. Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mapafu ya akina mama na misitu vitanufaika, na hakuna wa kulipinga hilo. Ila mapishi mengi ya pwani yalijengwa juu ya kupalia makaa, yaani kuweka moto chini na moto juu ya kifuniko. Mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui, huiva chini kwa moto hafifu kisha huvishwa makaa juu ili upate uso wa kahawia. Makaa mekundu hutoa mionzi mikali ya joto inayopiga moja kwa moja. Mwali wa bluu wa gesi hutoa mionzi kidogo; joto lake hupanda na hewa. Kwa hiyo mkate unaopikwa juu ya gesi kwenye sufuria iliyofunikwa huiva kwa mvuke, uso wake ukabaki mweupe na wenye maji maji. Keki za sufuria yenye mchanga chini zina shida iyo hiyo: mchanga husambaza joto vizuri, lakini wote uko chini.

Wapishi wanajaribu njia mbalimbali. Wapo wanaopasha kifuniko kizito cha chuma kwenye jiko la pili na kukiweka juu ya sufuria, wakikirudisha motoni kila kinapopoa. Wapo wanaofunga kitambaa chini ya kifuniko kinywe mvuke, na hilo hukausha uso bila kuupa rangi. Oveni ndogo ya umeme yenye waya wa juu hukaribia zaidi, kwa kuwa waya mwekundu hutoa mionzi kama makaa. Mkate ukishashika chini huhamishiwa humo kwa dakika chache waya wa juu ukiwaka peke yake. Mkate wa ufuta hauna matatizo sana, maana tangu zamani chuma chake hugeuzwa uso wa mkate ukaelekea motoni, na mwali wa gesi hufaa kwa hilo mradi chuma kizungushwe bila kukaa mahali pamoja. Na zipo nyumba ambazo zimeamua kugawa kazi: gesi ya chai na mchuzi kila siku, na jiko la mkaa linalotolewa uani siku ya mkate wa kumimina.